Majimoto wapo, vidaka vinapukutika

Unasema mnazi wako una majimoto, wale sisimizi wanaoshona viota vya majani na kuwinda kunguni waharibifu, lakini vidaka (nazi changa) bado vinapukutika. Kuwaona shinani si hoja, ndugu yangu. Tazama kama wapo kwenye makole, yaani mashada ya nazi. Pengine viota vyao viko kwenye mwembe wa pembeni na mnazini wanapita tu. Okota vidaka kumi: chenye kovu jeusi na gundi iliyokauka kimefyonzwa na kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi. Kisicho na kovu kina sababu nyingine, ukame kwa mfano.

Kisha fukua kidogo shinani. Sisimizi wadogo wa kahawia, baadhi wana vichwa vikubwa kupita kiasi? Hao ni Pheidole, ndio wanaowafukuza majimoto. Funga kamba ya makumbi toka mwembeni hadi kwenye makuti, majimoto wapite juu kwa juu. Usilete kiota cha kundi jengine, watauana.