Kabla hujachora shajara ya ukoo kutoka kwa hati za shamba, kaa hapa kwanza

Wiki iliyopita kijana wetu mmoja, hodari kwelikweli, aliniletea shajara ya ukoo wao, yaani mti wa majina ya nani kamzaa nani, ameichora kwa kompyuta, rangi tatu, mishale, kila kitu, akaniambia shangazi nimemaliza. Nikatazama juu kabisa, nikaona babu mkuu kanunua shamba 1948. Nikashuka chini mistari miwili, nikaona mjukuu wake kauza kipande cha shamba hilo hilo 1931. Nikamuuliza, mwanangu, huyu mjukuu aliuza nini? Akanyamaza. Nikamuuliza 1948 umeitoa wapi, akasema kwenye waraka imeandikwa mwaka 1326 na yeye akajumlisha 622.

Huyu ni wa nne mwaka huu. Wa nne! Na kila mmoja nampenda, kwa sababu anayetumia likizo yake kusoma nyaraka za babu zake mle masjala kwenye vumbi huyo ni mtu wa maana, lakini jamani makosa ni yale yale, tena mengine niliyafanya mimi kabla nyinyi hamjazaliwa. Kwa hivyo naandika, mtumiane. Nazungumzia pwani ya Kenya kwa sababu ndiko nilikokaa miaka yote hii kama karani wa mawakili, ndiko ninakokujua.

1. Mwaka wa Hijria haujumlishwi hivyo. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hivyo zidisha kwa 0.97 ndio uongeze 622, hio 1326 inakuja 1908, na mjukuu anapata kitu cha kuuza 1931. Halafu ukikuta miezi imeandikwa Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, kumbuka hio ni hesabu yetu ya baada ya Ramadhani, Mfunguo Mosi ni Shawwal, lakini namba ya mwaka haibadiliki hapo, inabadilika Mfunguo Nne ambao ndio Muharram. Na kama tarehe imeliwa na mchwa tazama pesa: rupia ziliondoka 1920, zikaja florini kidogo tu, shilingi ikaingia 1921. Reale za fedha ni za zamani zaidi.

2. Ukisoma mipaka jua maneno ya wazee. Nyaraka zetu za zamani hazina vipimo vya sorovea, mpima ardhi, zina mipaka minne na majina ya majirani, na pande zimeandikwa kibla, suheli, matlai, maghribi. Kibla kwetu ni kaskazini, kwa sababu Makka kutoka Mombasa iko karibu kaskazini moja kwa moja, suheli ni kusini kwa ile nyota ya Suheli, matlai ni jua linakochomoza. Kuna binti mmoja, sasa ni wakili mzuri sana, alipoanza alisoma "upande wa suheli shamba la warithi wa fulani" akadhani Suheli ni mtu, akamuingiza kwenye shajara kama shemeji wa ukoo, na kwa wiki mbili akawa anazunguka na kuuliza wazee kaburi la Mzee Suheli liko wapi. Wazee nao kwa adabu wakawa wanamwambia hatujui mwanangu, labda alihama. Lakini majirani hao wa mipaka msiwaruke, mara nyingi ndio ndugu wenyewe, shamba kubwa lililogawanywa kitambo na kila kipande kinataja kipande chenzake.

3. Hissa, yaani fungu la kila mrithi kwa sheria ya Kiislamu. Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoumiza watu.

Nyote mnajua kwamba hati ya warithi ikitaja mafungu, mafungu yenyewe ni shajara. Mke mwenye watoto ni thumni, 1/8, ukiona 1/16 mbili jua ni wake wawili wa mume mmoja, ukiona sudusi, 1/6, kwa mwanamke aliye peke yake uliza kama mama wa marehemu alikuwa hai. Nilikuwa najua haya yote, nilikuwa mwaka wa tano kazini na watu walishaanza kuniamini, ukoo mmoja ukanipa kazi ya kutengeneza shajara yao kamili kwa sababu wanataka kuisoma kwenye khitma, kisomo cha kumuombea mzee wao. Shamba la minazi, Mainland North, bara ya kaskazini ya Mombasa, lilisajiliwa kwa jina la babu yao mkuu, tumwite Omar, na baada ya kufa kwake warithi wakaingizwa. Kwenye tafsiri ya Kiingereza iliyopigwa chapa kulikuwa na wanaume wawili, kila mmoja bin Omar, hissa 2/8 kila mmoja, na wanawake wanne, kila mmoja binti Omar, 1/8 kila mmoja. Nikachukua kalamu. Wana wawili, mafungu manne. Mabinti wanne, mafungu manne. Jumla nane. Hesabu ikakaa barabara kama kifuniko na chungu chake, nikachora watoto sita, nikaenda kulala.

Sasa fanyeni na hii nyingine. Mke mmoja, thumni yake 1/8. Zinabaki 7/8. Wana wawili mafungu manne, mabinti watatu mafungu matatu, jumla saba. Kila mwana 2/8, kila binti 1/8. Mnaona? Ni namba zile zile, hakuna hata tone la tofauti. Hesabu ilikuwa sahihi na shajara ilikuwa ya uongo.

Mmoja wa wale wanawake wanne alikuwa mjane. Mke mdogo wa marehemu, ambaye baba yake pia aliitwa Omar, mtu mwengine kabisa wa mji mwengine, na nyinyi mnajua wanawake wetu hawabadilishi jina wakiolewa, anabaki binti wa baba yake mpaka kaburini. Huyu mama baada ya eda aliolewa tena akazaa watoto na mume wa pili, na kutoka kwao kuna tawi zima la watu, labda arubaini. Kwa kalamu yangu tawi hilo likawa damu ya Omar. Zikachapwa nakala hamsini kwenye karatasi kubwa, zikagawanywa siku ya khitma, watu wakazitia fremu.

Miezi mitatu baadaye vijana wa tawi lile wakaanza kuuliza. Mwana mmoja kati ya wale wawili wa Omar alikuwa amekufa bila mke wala mtoto, na robo yake ilikuwa imerithiwa na nduguye na dada zake watatu. Watatu, sio wanne. Wakasema mbona jina la bibi yetu halimo, shajara inaonyesha alikuwa dada, basi alidhulumiwa. Na walikuwa na haki ya kusema hivyo, karatasi yangu ndiyo iliyowaambia. Wakatia kaveti, zuio la shamba. Shamba likakaa miaka mitatu haliuziki, haligawanyiki, kulikuwa na mtoto anasubiri karo kutoka kwenye kipande chao na hakuipata mwaka ule. Idi mbili watu wa nyumba zile hawakupeana mikono.

Aliyenisahihisha ni bibi mmoja wa miaka tisini na kitu, mjukuu wa Omar kwa upande wa binti. Nilienda kumuona kwa sababu wakili aliniambia nitafute shahidi yeyote aliye hai. Nikamtandikia shajara kitandani, nikamuonyesha jina kwa kidole nikimsomea, akanishika mkono pale pale kabla sijasogea. Akasema huyu alikuwa mke wa babu. Mimi amenilea huyu, alikuwa akinisuka nywele mlangoni. Wewe umemtoa kwenye kitanda cha mumewe ukamlaza na watoto. Hakusema kwa hasira, alisema polepole akiwa bado amenishika mkono, na mimi nililia mbele yake.

Nikarudi kwenye faili. Nyuma ya tafsiri ya Kiingereza, imeshonwa kwa uzi, kulikuwa na waraka wenyewe wa Kiarabu, karatasi ya kahawia imekunjwa mara nne, na pale pale kwenye mkunjo ambapo wino umefifia, kabla ya jina la kwanza la mwanamke, kuna neno moja. Zaujatuhu. Mke wake. Aliyetafsiri hakulibeba. Na mimi karatasi hio nilikuwa nimeishika mara mbili kwa mkono wangu, nikaifunua ili nihesabu kurasa, nikaifunika.

Niliapa afidaviti, yaani kiapo cha maandishi. Nikapita nyumba kwa nyumba kukusanya zile fremu, nyingine walinipa, nyingine walinifungia mlango na sikuwalaumu. Kaveti ikaondolewa. Kuna nyumba moja mpaka leo nikipita naitikiwa salamu kwa sauti ya chini.

Kwa hivyo nikikwambia usitegemee tafsiri, fungua Kiarabu na kama hukisomi mlipe anayekisoma, sikwambii kwa ukali. Na kila mwanamke kwenye orodha muulizie mama yake ni nani, hata kama hissa zimekaa sawa. Hasa zikikaa sawa.

4. "Ameuza" sio lazima awe ameuza. Mababu zetu wengi walikopa kwa bei ya khiyari, yaani waraka unasema fulani amemuuzia tajiri shamba lake kwa reale kadhaa, lakini ana khiyari ya kulikomboa ndani ya muda fulani, na anaendelea kukaa humo kwa kodi. Kwa kweli ni deni. Sasa mtu akiona neno bei anaandika "ukoo ulihama mwaka huu", kumbe ukoo haujatoka hata hatua moja, tafuta waraka wa kukomboa kwanza.

5. Kutokuwemo kwenye daftari sio kutokuwepo. Ile Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilitaka mtu ajitokeze adai mbele ya Rekoda, afisa wa kuandikisha hati, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa ya serikali ya kikoloni. Wengi hawakudai, Wamijikenda wengi sana hawakufikiwa au hawakujua, na wakaendelea kulima pale pale kama walivyolima baba zao. Kwa hivyo wewe mtoto wa Kilifi unayeniambia "shangazi sisi hatuna historia, hatumo", nyamaza kidogo. Mko. Tazama certifiketi za interesti pia, yaani za haki nyingine juu ya ardhi, sio za umiliki peke yake, maana kwetu nyumba na minazi inaweza kuwa ya mtu na ardhi ya mtu mwengine, na kuna mababu wasiokuwa na ardhi hata futi moja lakini minazi yao imeandikwa.

Kwa wale ambao mashamba yao yalipimwa kwa ile sheria ya 1968 ya kuamua haki za ardhi (Land Adjudication Act), grini kadi, ile kadi ya daftari la ardhi, inaanzia hapo, nyuma yake hakuna kitu na wengi mnafika hapo mnakata tamaa. Msikate. Tafuteni kesi za pingamizi! Watu walikuwa na siku 60 za kupinga daftari, na kwenye kesi hizo wazee walisimama wakaeleza, babu yangu alifika hapa akitokea mahali fulani, akapewa na fulani, akazika watoto wawili chini ya mbuyu ule, na karani akaandika. Mimi nimesoma moja yenye vizazi vitano kwenye kurasa tatu, imeandikwa kwa mkono, hakuna aliyeigusa miaka mingi. Hio ni dhahabu.

6. Hili ni la adabu. Utakuta jina halina bin, lina "khadimu wa fulani" au "huru wa fulani". Usilisome kama bin, huyo hakuwa mwanawe, alikuwa mtumwa wake au aliyeachwa huru naye, na utumwa kwetu ulifutwa kisheria 1907 tu, kwa hivyo nyaraka hizi haziko mbali na bibi zetu. Ukilikuta kwenye ukoo wa watu, usilitangaze kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Nenda ukakae na mkubwa wao mmoja, faragha, umuulize anataka liandikwe vipi. Nilishaona mtu mzima anainuka kwenye kikao na kuondoka kwa sababu mtoto alilisoma kwa sauti kama anayesoma namba ya ploti. Lakini usilifute pia. Huyo mtu aliishi, na mara nyingine waraka ule ndio mahali pekee jina lake limebaki.

7. Vidogo vidogo. Andika ploti mama, ile ya kabla ya sabdivisheni, yaani kabla haijakatwa vipande. Piga picha mbele na nyuma, nyuma ndiko kuna maandishi ya kuhamisha. Waraka wa wakfu wa dhuria, mali iliyowekewa kizazi cha mwenyewe, usomwe wa kwanza, unataja kizazi kwa kizazi. Penseli, sio kalamu. Risiti zote ziweke. Mtu akikwambia faili limepotea rudi siku nyingine umuulize mwengine, mara nyingi liko chini ya jengine.

Yule kijana wa 1948 amerudi jana. Rangi ameziondoa, amechora kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, juu imeandikwa 1908, na pembeni ya kila jina la mwanamke ameandika "mama yake?" na majibu mawili tayari ameyapata kwa nyanya yake. Kuna binti mmoja hissa yake haimpi raha, anasema imekaa sawa mno. Jumatatu tunaingia naye masjala, anataka kuona karatasi ya Kiarabu.