Kemia ya mwaka wa kwanza inavyowasubiri wodini

Wanafunzi wapya wameingia wodini kwetu hapa Tanga, na nimeshawakuta wakibishana mbele ya ndoo: Jik, dawa ya klorini ya kuua vijidudu, ya 3.5% ili upate 0.5%, maji sehemu ngapi? Mmoja anasema sita, mwenzake saba, wa tatu kachoka kusikiliza anamimina kwa macho. Hayo hayo tuliyakosea sisi. Haya, wadogo zangu, kaeni.

1. 3.5 gawa kwa 0.5 ni 7, toa 1. Jik moja, maji sita. Aliyesema saba alisahau kutoa. Soma chupa kwanza, si zote ni 3.5%. Na Jik haichanganywi na dawa ya choo yenye asidi, itatoa gesi ya klorini. Akina mama wa usafi wanalijua hilo, nyie wenye A ya kemia ndio mnajaribu.

2. Moli, kile kipimo cha wingi wa kemikali mnachokikimbia, zimejaa kwenye majibu ya maabara. Dripu ya chumvi ya 0.9% ina gramu 9 kwa lita. Gawa kwa 58.5, uzito wa moli moja ya chumvi, unapata moli 0.154, yaani milimoli 154 kwa lita. Sodiamu ya damu ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Piga mwenyewe kwa mkono, usichukue kwenye desa, zile noti za kunakili.

3. Asilimia. Hapa nina deni langu.

Chuoni mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wenzangu kemia pale tulipopanga Ngamiani. Fomula zote kichwani, CA, alama za majaribio ya darasani, juu, mdomo juu zaidi. Nikaenda mafunzo kwa vitendo, hospitali nisiyoitaja. Usiku mmoja kaletwa mama ana kifafa cha mimba. Sista yuko naye kitandani, ananiambia bila kugeuka: andaa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege hilo, gramu 4 za kuanzia.

Ampuli imeandikwa 50%, mililita 10. Kichwa changu kikasema haraka: 50% ni miligramu 50 kwa mililita. Miligramu 4,000 gawa kwa 50 ni mililita 80. Ampuli nane! Wala sikujiuliza ni dawa gani hiyo ya kuvunja ampuli nane kwa mtu mmoja. Nilichojali ni kwamba nimepiga hesabu bila simu. Nikaanza kuvunja. Nimeshika ya nne, sista kageuka.

“Mwanangu, wamtilia nani yote hayo?”

Nikamweleza hesabu yangu, tena kwa kujiamini. Hakunijibu. Alichukua sirinji, akavuta mililita 8 tu, akaongeza 12 za maji ya sindano, zikawa 20 za 20%, akampa mama taratibu kwenye mshipa kwa dakika tano. Ampuli moja, na bado ilibaki kidogo.

Alipomaliza ndipo akaniuliza asilimia ni nini. Nikajibu vizuri kabisa: gramu kwa mililita 100. “Basi 50% ni gramu 50 kwa 100. Mililita moja ina ngapi?” Nusu gramu. Miligramu 500. Ampuli moja gramu 5, nane gramu 40. Magnesiamu ya kiasi hicho inazima pumzi, kisha moyo. Nilikaa kwenye kiti cha ndugu wa mgonjwa, miguu haina nguvu. Asubuhi nikatumwa mwenyewe kwa mtunza dawa kueleza ampuli zilizovunjwa bure. Akaandika daftarini polepole, kwa makusudi naamini.

Zidisha asilimia kwa 10 upate miligramu kwa mililita. 50% ni 500, dextrose 5% ni 50, lignokaini 2% ni 20.

4. Jibu bila yuniti ni sapu, mtihani wa kurudia. Sina la kuongeza.

5. pH, kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imepanda. Wengi mmeshakwenda Mapango ya Amboni kupiga picha. Mwamba ule wa chokaa umeliwa na maji yenye asidi ya kaboni, yaani maji na kaboni dayoksaidi, asidi ile ile mliyo nayo kwenye damu. Damu inataka 7.35 hadi 7.45, na kushuka kutoka 7.4 hadi 7.1 si kidogo: ayoni za haidrojeni zimekuwa mara mbili. Mgonjwa wa kisukari aliyejaa ketoni, ambazo ni asidi, anahema kwa kina na kwa haraka ili aitoe kaboni dayoksaidi, asidi ipungue. Juzi mmoja wenu alishaandika “pumu” kwenye faili. Kifua hakina mluzi, mgonjwa anakojoa kila saa, pumu ya wapi? Pima sukari.