Moyo wa mtoto una kasoro, kromosomu zapimwa za nini?

SWALI: Nina mimba ya wiki 22. Ultrasaundi imeonyesha mtoto ana tundu kubwa katikati ya moyo, na vali moja mahali pa mbili. Daktari anataka nitolewe maji ya chupa ya uzazi yapimwe kromosomu. Wifi anasema kipimo cha damu kinatosha. Kweli? Na moyo umeshaharibika, majibu yatasaidia nini?
Mama K., Mbagala

JIBU: Pole, mama. Kipimo cha wifi kipo, tena hufanywa kuanzia wiki ya 10, ila vinasaba vinavyosomwa humo hutoka kwenye kondo la nyuma. Ni cha kuchuja tu, yaani huonyesha uwezekano. Kwako linahitajika jibu la uhakika, na hilo limo kwenye maji.

Kasoro uliyoieleza huambatana sana na hali ya Down, yaani kromosomu (nyuzi za vinasaba ndani ya seli) namba 21 zikiwa tatu badala ya mbili. Ingekuwa ni mshipa mmoja unaotoka moyoni badala ya miwili, tungeshuku kipande kilichopungua kwenye kromosomu 22. Hicho ni kidogo mno, kariotaipu ya kawaida (kuzitazama kromosomu kwa hadubini) hukiruka, na mzazi anaambiwa "ziko sawa". Kwa hiyo uliza: mmeomba kipimo gani? Kile cha haraka hutazama kromosomu 13, 18, 21 na za jinsia, majibu siku 2 hadi 3 za kazi. Kikiwa safi, maji yaleyale yaende kwenye maikroarei, kipimo kinachoona hata vipande vidogo vilivyopungua.

Sindano ni nyembamba na huongozwa na ultrasaundi. Hutolewa mililita 15 hadi 20. Mbili za mwanzo humwagwa, maana zaweza kubeba seli zako, maabara ikakusoma wewe badala ya mtoto. Hatari ya mimba kutoka ni chini ya 1 kwa 200. Kama kundi lako la damu ni Rh negativu, uchomwe anti-D (sindano ya kuzuia mwili wako kushambulia damu ya mtoto) ndani ya saa 72. Kama unatumia ARV, nenda na kipimo cha karibuni kinachoonyesha virusi vimefubaa. Na uliza sampuli inasafirije: haigandishwi, wala haiachwi ndani ya gari kwenye jua hili la Dar. Seli zikifa hazikuzwi tena, unachomwa upya.

Majibu hayazibi tundu, hilo ni kweli. Ila yakiwa ya Down, upasuaji bado unafanyika, na haufai kucheleweshwa: shinikizo la damu kwenye mapafu ya watoto hawa hupanda mapema, kwa kawaida hulengwa miezi 6 ya kwanza. Basi onana na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kabla hujajifungua. Yakiwa ya kromosomu 22, mtoto apimwe kalsiamu, asije akapata degedege, na kinga yake iangaliwe kabla ya chanjo ya kifua kikuu (BCG), ambayo kwetu huchomwa mara tu anapozaliwa. Yakiwa ya 13 au 18, mazungumzo ya upasuaji huwa mengine kabisa. Nenda na mwenzako siku hiyo.

Baada ya sindano, tumbo kuvuta kidogo siku hiyo si ajabu. Maji yakichuruzika, damu ikitoka au homa ikipanda, nenda hospitali usiku huohuo.