Shangazi, kuku wamekufa na deni limebaki

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, naishi Chanika. Nilikopa kwenye kikoba nikanunua vifaranga 300 wa nyama. Chanjo niliwapa zote, tena kwa maji safi ya bomba. Wiki ya nne wakaanza kufa, wakabaki 40. Vikao nakwepa, simu nazima. Shemeji ananiita mtu wa mkosi. Rafiki ananishauri nikope mtandaoni nianze upya. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Pole sana.

Kwenye maji ya bomba hapo nimesimama. Maji hayo hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na chanjo ya kunywesha ya Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoua kuku wadogo, ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Klorini haichagui. Wafugaji wazoefu hutumia maji ya kisima au ya mvua. Wakikosa, hukinga ya bomba yakalala wazi usiku kucha, wengine wakaongeza maziwa ya unga kidogo. Kisha kuku huwanyima maji saa moja au mbili, ili chanjo ikiletwa wainywe yote upesi. Na ile chupa uliibebaje kutoka duka la mifugo? Kwenye barafu, au ndani ya mkoba, daladala imejaa, jua la saa saba?

Mimi si daktari wa mifugo, na mizoga umeshafukia, hivyo siwezi kuapa kwamba ni Gumboro, ingawa kuku wa wiki tatu hadi sita ndio ugonjwa huo huwapata zaidi. Ungepeleka wawili watatu TVLA, maabara ya mifugo ya serikali pale Temeke, wakapasuliwa, leo ungejua ulipokosea. Badala yake unaambiwa mkosi, na mkosi hauna chanjo.

Mkopo wa mtandaoni usiuguse. Hiyo ni kausha damu, mikopo ya riba ya kunyonya, na banda lako bado halijapona: kirusi cha Gumboro hukaa bandani miezi mingi. Waliobaki wakishauzwa, toa maranda yote uyachome, osha vyombo na sakafu kwa sabuni, piga dawa, liache tupu. Ukirudi, rudi na vifaranga 50, na daftari: tarehe ya kila chanjo, maji yalitoka wapi, wamekufa wangapi leo. Akifa wa tatu kwa siku moja, usingoje kesho, mpigie afisa mifugo wa kata.

Deni sasa. Wale 40 uza wakifika uzito, hela ipeleke kikoba yote, hata kama haitoshi. Usisubiri kikao. Nenda nyumbani kwa mwenyekiti jioni, mkute na mweka hazina kama inawezekana, uwaambie kilichotokea na kiasi unachoweza kulipa kila wiki. Taja kiasi kidogo utakachokiweza kweli. Ukiahidi kikubwa ukashindwa wiki ya pili, hapo ndipo watakapokuja kuchukua friji. Wanakikoba wengi wameshafiwa na kuku, amini usiamini. Wanachoogopa ni mtu aliyezima simu.

Shemeji mjibu ukishamaliza kulipa. Simu iwashe leo.