Picha za printa ya nyumbani: ukutani Tanga zinadumu kweli?

Mleta uzi, umeuliza kama picha za harusi utakazochapa mwenyewe kwa printa ya tangi (ile unayoijaza wino wa chupa) zitafikisha miaka 20 ukutani. Nina steshenari Ngamiani, picha nachapa kila siku. Kwa wino wa kawaida wa chupa, bila kioo, usitegemee.

Wengi wanalaumu jua. Jua linapausha, sikatai, lakini hewa nayo inakula picha. Mteja wa Raskazone aliniletea fremu isiyo na kioo, ilikaa sebuleni, jua haliifikii. Nyuso zimekuwa za chungwa, bahari nyuma yao imegeuka kijivu. Tulipoichomoa, ukingo uliofichwa na ubao wa fremu bado ni buluu kama siku ya kwanza. Hewa ina gesi ya ozoni, na ozoni hupenda kuanza na ile rangi ya samawati. Ikishaondoka, zinabaki nyekundu na njano.

Si tatizo la wino feki peke yake. Mwaka 2000 printa za Epson Stylus Photo 870 na 1270 zilipotoka, wanunuzi walilalamika hivyo hivyo, na wino ulikuwa wa kampuni yenyewe. Karatasi zinazokauka papo hapo zina vitundu vidogo mno: wino unazama upesi, na hewa nayo inapita humo humo. Wauzaji watakusifia kukauka tu.

Ya kutundika inataka wino wa pigmenti, ambao rangi yake ni chembe ngumu, haikuyeyushwa. Bei inauma, najua. Na ile miaka 100 au 200 kwenye matangazo ni makadirio: wanaimulika picha kwa mwanga mkali kwa muda mfupi, kisha wanapiga hesabu, kwa wino na karatasi walizozitaja wao. Ukijaza wino wa jina jingine, hesabu hiyo haikuhusu.

Ukishachapa, iache ikauke hata siku nzima kabla ya fremu, la sivyo kioo kinapata ukungu kwa ndani. Zungushia kadi kwenye kingo za picha ili isigusane na kioo. Unyevu wa masika ukiigandisha hapo, kuibandua ni kuichana.

Mimi ningepeleka mbili tatu za ukutani kwenye printa ya pigmenti, zilizobaki nichape nyumbani ziingie albamu. Gizani, hewa ikiwa haipiti, hata wino wa chupa unavumilia. Ila zile albamu za kurasa zenye gundi ziache dukani.