Swichi za kuhisi mwendo: kinachokula pesa ni waya

Ndugu, umeuliza kama kubadilisha swichi sita za nyumbani ziwe za kuhisi mwendo, yaani zinazowasha taa zenyewe mtu akipita, kutakutoboa mfuko. Swichi zenyewe si tatizo. Nyingi zinahitaji waya wa nyutro (ule unaorudisha umeme) ndani ya boksi la swichi, na nyumba za zamani mara nyingi hazina. Hapo fundi atachimba ukuta kupitisha waya huo, na malipo yake yanaweza kuzidi bei ya swichi zote. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, fundi azime umeme, afungue boksi moja aangalie kama waya huo upo. Soma pia kiwango cha chini cha wati za taa ambacho swichi inahitaji. Taa moja ya LED ya wati 5 ikiwa chini ya hapo inaweza kumetameta. Mimi ningeanza na ngazi, korido na stoo tu. Chooni achana nazo, ukitulia kidogo unabaki gizani!