Boti ya jeti haikati kona ukiachia mafuta, na stelingi mpya haitabadilisha hilo

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua boti ya jeti iliyotumika, urefu kama mita 5 na nusu, injini iko ndani na ni ya petroli, stelingi ni ya waya. Usukani ni mgumu na unacheza, alafu nikikaribia gati nikipunguza mafuta boti hainisikii kabisa, inaenda inakotaka yenyewe, juzi nusura niigonge boti ya mtu. Kuna fundi kaniambia tutoe waya tuweke haidroliki ya injini za nje, yani stelingi inayosukumwa na oili, tufunge mapezi mawili pembeni ya nozo ya kutolea maji, na usukani ukibaki mzito atanifungia mota ya umeme ya stelingi ya gari. Vifaa kashavipata mtandaoni, anasubiri hela tu. Nimpe?

JIBU: Marahaba. Usimpe, hela kaa nayo kwanza.

Umeleta shida mbili ukazifunga pamoja, na huyo fundi kazipokea hivyohivyo bila kuzitenganisha. Usukani mgumu unaocheza ni ubovu wa vifaa na unarekebishika, tena kwa gharama ndogo. Boti kutokukusikia ukipunguza mafuta sio ubovu, ndo jeti ilivyo, na hapa nataka tukae kidogo maana hili swali naulizwa mpaka linanikera, na karibu kila anayeuliza kashaambiwa na mtu anunue kitu.

Injini ya nje ina ule mguu unaoshuka majini, unabeba propela lakini pia ndo unaoielekeza boti, na hata propela ikisimama mguu bado uko ndani ya maji, ukiugeuza maji yanaupiga na boti inafuata. Jeti haina mguu. Pampu inavuta maji chini ya boti, impela, yani feni iliyo ndani ya pampu, inayasukuma, yanatoka nyuma kwa kasi kupitia nozo, na usukani wako kazi yake ni moja tu, kuigeuza hiyo nozo kulia au kushoto maji yatoke kwa pembe. Kinachogeuza boti ni yale maji. Ukiachia mafuta maji yanapungua na nguvu ya kugeuza inaondoka nayo palepale. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani, funga bomba alafu zungusha mdomo wa mpira unavyotaka uone kama kuna jani litakalolowa.

Sasa niambie haidroliki itaongeza nini hapo. Waya unaishia kwenye nozo, haidroliki inaishia kwenye nozo, mota nayo nozo hiyohiyo, na nozo ina mwisho wake wa kugeuka uliowekwa kiwandani. Umelipia njia mpya ya kufika palepale.

Kinachoniuma ni hiki. Mtu yuko kilomita 50 kwa saa, ghafla anaona kitu mbele, mwili wenyewe unamwambia achia mafuta kata usukani, vile alivyozoea kwenye gari. Kilomita 50 kwa saa ni kama mita 14 kila sekunde, na yeye kwa kuachia mafuta kajinyang'anya usukani kwa mkono wake, boti inanyooka vilevile kuelekea alichokuwa anakikwepa. Kwenye jeti unakata kona ukiwa bado na mafuta, ukishakipita ndo unapunguza. Huyo mtu akinusurika anaenda kwa fundi, fundi anamwambia stelingi yako imechoka, anafungiwa seti mpya inang'aa, anarudi majini akiamini tatizo limeisha. Ana imani zaidi na boti ileile. Mi huyo namhofia kuliko yule mwenye waya mbovu, maana mwenye waya mbovu angalau anaenda taratibu.

Wenye viwanda wenyewe wanalijua hili, wanabandika onyo karibu na usukani na kulirudia kwenye kitabu, na angalia walipojaribu kulipunguza walienda wapi. Sea-Doo kwenye pikipiki zao za majini waliweka mfumo wa OTAS, ukiachia mafuta alafu ukakata usukani kwa nguvu, injini inapandishwa mzunguko kidogo ili maji yatoke tena. Yamaha kwenye boti zao waliweka mkuku wa nyuma, yani ubao mwembamba unaoshuka chini ya boti, wenye kipande kinachogeuka pamoja na nozo, yani kitu cha kushika maji hata mafuta yakiwa yameachiwa. Hakuna kati yao aliyesema dawa ni kubadilisha waya.

Haya, tuje kwenye mapezi, maana utaniuliza si ndo kama ya Yamaha. Sikatai, mapezi yanasaidia, boti inatulia ukienda polepole na inageuka kidogo hata ukiwa umeachia mafuta. Ila ujue unachotoa. William Hamilton wa New Zealand alipotengeneza hizi boti miaka ya 1950 shida yake ilikuwa mito ya kwao, myembamba, ina mawe na maji ya kina kifupi, propela inavunjika. Faida nzima ya jeti ni kwamba hakuna kinachoning'inia chini, na mwaka 1960 boti za aina yake zilipanda mto Colorado kinyume na mkondo kupita korongo la Grand Canyon kule Marekani. Ukifunga mapezi yanayoshuka chini ya boti, jiwe la kwanza linayapiga, na kwa sababu yamekaa kwenye nozo kishindo chote kinaenda kwenye nozo, bushi zake na mkono wa waya. Majani na kamba za wavuvi zinanasa humo. Na ukikata kona kali kwa kasi, pezi lisilotengenezwa kwa boti yako linaweza kushika maji ghafla, nyuma ikazuiwa huku boti bado inateleza, na aliyekaa pembeni akarushwa. Kama unatembea maji ya kina kirefu tu, unaenda pole, na umepata yaliyotengenezwa kwa modeli yako hasa, yale yanayojikunja yakigonga kitu, sina ugomvi. Yaliyotobolewa gereji na kukazwa kwa bolti zozote, hapana.

Shida yako ya gati dawa yake iko mkononi mwako na haiuzwi. Ule mlango wa rivasi unaoshuka nyuma ya nozo, wengi wanadhani ni wa kurudi nyuma tu. Ushushe nusu, mpaka maji ya kwenda mbele na ya kurudi nyuma yanakaribiana, boti inasimama au inatambaa, lakini injini inazunguka na maji yanatoka, kwaiyo usukani unao. Ukitaka kwenda mbele unaupandisha kidogo, kurudi unaushusha kidogo, mafuta unayaacha juu kidogo ya sailensa, ule mzunguko wa injini usipoipa mafuta, bila kuyachezea. Watu wanaingia gatini kwa kuachia mafuta kabisa wakiona ndo usalama, wanakuwa abiria kwenye boti yao wenyewe. Tafuta sehemu pana isiyo na watu, tupa dumu tupu linaloelea ulifanye ndo gati, ulikaribie toka kila upande, upepo ukiwa mbele yako na ukiwa nyuma. Na ujifunze boti yako inavyogeuka ikiwa rivasi maana milango haifanani, kuna boti zinaenda upande ambao hukutegemea.

Usukani mgumu unaocheza sasa. Zima injini, toa ufunguo, boti ikiwa nje ya maji mtu mmoja azungushe usukani kidogokidogo kulia na kushoto, wewe kaa nyuma uangalie nozo. Tafuta mwendo unapopotelea. Usukani unazunguka na waya hausogei, tatizo liko mbele kwenye boksi la usukani. Waya unasogea lakini mkono wa nozo unachelewa, ni boljointi. Mkono unaenda na nozo inatikisika juu chini, hizo ni bushi na pini zimelika, na kwenye boti iliyotumika mara nyingi ndo ninachokikuta. Kwa ugumu, chomoa waya kule kwenye nozo. Nozo ukiigeuza kwa mkono inaenda laini, alafu usukani peke yake bado mgumu, basi waya umeingia maji na kutu ndani. Nozo yenyewe ikiwa ngumu, safisha chumvi na badilisha bushi. Waya ulioingia maji usiurudishe kwa grisi, wapo wanaopiga grisi na oili unalainika siku mbili alafu unakwama ukiwa kwenye kona. Nunua waya wa jeti ya modeli yako, urefu uleule, usiukunje kona kali, nyaya nyingi za stelingi zinataka kona yenye nusu kipenyo cha kama sentimita 20 au zaidi, fuata karatasi ya kiwanda. Nati za kujifunga zenye nailoni ukizitoa weka mpya.

Na kabla ya yote chungulia kwenye wavu wa kuvutia maji chini ya boti, na ndani kwenye impela. Kamba imezunguka shafti, mfuko wa plastiki umeziba, au impela imelika na nafasi kati yake na ringi inayoizunguka imekuwa kubwa, pampu inasukuma maji kidogo, na maji kidogo ni stelingi dhaifu hata kama kila kitu nyuma ni kipya. Kwenye maelezo yako hukusema kama huyo fundi alilala chini ya boti kuangalia. Nina wasiwasi hakulala.

Haidroliki mi siichukii, naifunga. Boti ndefu, jeti mbili, au njia ya waya ndefu yenye kona nyingi, hapo ina maana. Kwenye mita 5 na nusu yenye jeti moja hapana, na hasa sio seti ya injini za nje. Silinda ya injini ya nje ina urefu wake wa kusukuma, nozo yako ina wake. Silinda ikiwa na mwendo mrefu kuliko nozo, nozo inafika mwisho wake silinda bado inasukuma, na haidroliki haichoki kama mkono, kitakachokubali ni mkono wa nozo kupinda au nyumba yake kupasuka. Ikiwa na mwendo mfupi, umepoteza kona uliyokuwa nayo. Mara nyingi utazungusha usukani mizunguko mingi zaidi kufika mwisho, wakati ulikuwa unataka boti ijibu haraka. Alafu kuna wanaojazia mafuta ya breki kwa sababu yapo dukani jirani, yanakula sili, na hewa isipotolewa vizuri usukani unakuwa kama sponji.

Nimeacha mota ya gari mwisho kwa sababu hiyo ndo iliyonifanya nikujibu haraka, na hapa siongei na wewe peke yako, naongea na kila mtu anayechukua kifaa cha gari akakipeleka kwenye boti ya petroli kwa sababu kinafanana na ni rahisi. Alteneta, stata, pampu ya mafuta, feni, mota za kila namna. Chumba cha injini cha gari kiko wazi chini, mvuke wa petroli ukivuja unaondoka. Boti haina tundu chini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka unakaa chini ya sakafu, unajikusanya, haukupigi harufu mpaka uinue kifuniko. Vifaa vya umeme vya boti vinazibwa cheche isitoke nje au mvuke usiingie, na kiwango kinachotumika sana kuvipima ni SAE J1171. Vya gari havikutengenezwa hivyo. Brashi ndani ya mota ikirusha cheche kidogo tu kwenye mvuke uliokusanyika, hakuna stelingi ya kuongelea tena, na watu wako majini hawana pa kukimbilia. Mwenye kukwambia mota ni mota tu, kachoma boti ya mtu au bado hajachoma. Usimruhusu kugusa hata waya wa betri.

Na kila unapowasha, hata bila hiyo mota, inua kifuniko cha injini unuse, na washa feni ya kutoa mvuke dakika 4 kabla ya kugusa ufunguo. Kama fundi kashaileta hiyo mota nyumbani, arudi nayo. Kama kashaifunga, toa nyaya za betri, injini isiwashwe mpaka itolewe.